Watu wa Udongo: Safari ya Mexico City, Veracruz na Oaxaca

Jumanne, Mexico City

Hapa Jumatatu milango ya makumbusho mengi hufungwa, kwa hiyo nimeanza leo. Mwenyeji wangu ni kaka mmoja wa Moshi aliyehamia huku kikazi, na Kihispania chake kinatosha kugombana na dereva wa teksi hadi akashinda. Ananiita mwalimu kwa kuwa ndiyo kazi yangu: nafundisha sanaa sekondari, na darasani kwangu udongo ndiyo malighafi pekee isiyohitaji kuombewa fedha.

"Mwalimu, umevuka bahari kuja kuangalia vyungu?"

"Si vyungu, kaka. Watu."

Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia yamo ndani ya msitu wa Chapultepec. Yalifunguliwa mwaka 1964. Ukifika uani unakuta nguzo moja iliyobeba paa kubwa, na maji yanamwagika kuizunguka pande zote. Wageni wengi hunyoosha hadi ukumbi wa Waazteki kupiga picha na jiwe la jua. Sisi tukakata kulia, tukaingia kwenye kumbi za watu waliotangulia, ambako hakukuwa na msongamano hata kidogo.

Vinyago vya udongo vya Tlatilco, makazi ya kale pembeni mwa jiji hili, vinaingia kiganjani. Vina umri wa miaka elfu tatu hivi. Vingi ni wanawake: mapaja mazito, kiuno chembamba, mikono midogo kama vile mfinyanzi aliisahau akaja kuibandika mwishoni. Macho yamechorwa kwa mikato miwili ya kijiti, basi, na bado yanakutazama. Kazi kubwa imekwenda kwenye nywele. Kuna zilizogawanywa kwa njia katikati, zilizosukwa zikazungushwa kichwani, zilizonyolewa upande mmoja. Nilihesabu mitindo nikaacha. Msusi yeyote wa Kariakoo angesimama mbele ya kabati hili na kuanza kuuliza bei.

Halafu kuna wale wa ajabu. Mwanamke mwenye vichwa viwili. Mwingine ana kichwa kimoja lakini pua mbili, midomo miwili na macho matatu, yale ya pande zote mbili yakigawana jicho la katikati. Na yupo mwanasarakasi, chombo cha udongo chenye umbo la mtu aliyejikunja hadi nyayo zikatua kichwani. Tundu la kumiminia liko kwenye goti. Huyo alizikwa na mtu. Wanaakiolojia walimkuta kaburini, wakaandika alilala na nani na vitu gani vingine.

Bahati hiyo wengi wa ndugu zake hawakuipata. Tlatilco ilifumuliwa na wafyatua matofali waliokuwa wakichimba udongo wao pembeni mwa jiji. Jembe likigonga kinyago, kinauzwa. Msanii Miguel Covarrubias alikuwa miongoni mwa walionunua, na ndiye aliyepiga kelele hadi uchimbaji wa kitaalamu ukaanza mwaka 1942. Kufikia hapo mashimo mengi yalikuwa yamekwisha kuwa matofali. Leo mahali penyewe pamefunikwa na jiji.

Nimeondoka na jambo moja linalonisumbua. Kinyago kilichotoka kwenye shimo linalojulikana kina habari. Kilichopita sokoni kwanza kina sura tu.

Jumatano, Mexico City

Leo tumekwenda Templo Mayor, katikati kabisa ya jiji. Mwaka 1978 mafundi wa umeme walikuwa wakichimba mtaro wakagonga jiwe la mungu wa kike Coyolxauhqui, na kuanzia hapo serikali ikabomoa majengo kadhaa ili kulifukua hekalu la Waazteki.

Ninyi mnaojua kuchoma udongo mtanielewa nikisema nilikaa mbele ya mtu mmoja karibu asubuhi nzima. Wanamwita shujaa tai. Ana kimo cha mtu mzima, kichwa chake kinachungulia ndani ya mdomo wa tai uliofunguka, mikono ina mbawa, magoti yana kucha. Walimkuta yeye na mwenzake wakilinda mlango kwenye jengo linaloitwa Nyumba ya Tai. Wapo wataalamu wanaosema si shujaa bali ni jua linapochomoza.

Mimi nilikuwa natafuta maungio. Huwezi kuchoma mtu mzima kipande kimoja kwa moto wa kuni bila balaa: unene ukitofautiana, sehemu moja inakauka mapema, nyingine inanyonya joto taratibu, na mvuke uliobaki ndani unapasua kifua. Walichofanya ni kumfinyanga kwa vipande vinne vyenye uwazi ndani, kila kimoja kikachomwa peke yake, kisha wakavipachika kimoja juu ya kingine. Maungio yanaonekana ukijua pa kutazama. Juu yake walipaka lipu ya chokaa, wakaichora manyoya. Mabaki yake yapo bado.

Karibu naye yuko Mictlantecuhtli, bwana wa wafu, kimo cha sentimita 176, aliyefukuliwa mwaka 1994 kwenye Nyumba ya Tai hiyohiyo. Ngozi imemtoka, ini linaning'inia chini ya mbavu, na utosini ana matundu ambamo walichomeka nywele. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba alimwagiwa damu. Kwa sababu walioichimba waliyachunguza mabaki yaliyoganda juu ya udongo wenyewe, wakajua. Angeuzwa kwanza kwa dalali, angeoshwa ang'ae, na damu ingekwenda na maji.

Alhamisi, njiani

Basi kutoka kituo cha TAPO hadi Xalapa, karibu saa tano. Puebla, uwanda mkavu, Perote, kisha mteremko na ukungu. Xalapa ina mvua nyembamba inayokulowesha bila kukuomba ruhusa. Kahawa yao ni nzuri. Nimelala mapema.

Ijumaa, Xalapa

Makumbusho ya hapa ni ya Chuo Kikuu cha Veracruz, na kwa maoni yangu yanayashinda hata ya jiji kuu kwa namna yalivyopangwa. Jengo la mwaka 1986 linateremka kilima hatua kwa hatua, kila ukumbi una bustani pembeni na mwanga wa mchana unaingia.

Unapokewa na vichwa vikubwa vya mawe vya Waolmeki, watu wa kale wa pwani hii. Humu vimo saba. Najua swali linalokuja, maana nimeliona mitandaoni mara nyingi: je, hawa si Waafrika, kwa pua hizo na midomo hiyo? Kaka yangu naye aliuliza. Nikamwambia atazame muuza magazeti aliyekuwa nje ya lango. Pua ileile, midomo ileile, na babu zake hawakuja na jahazi. Hakuna kaburi, hakuna chombo wala mbegu iliyopatikana hapa kuonyesha kwamba Waafrika walifika zama zile. Sisi wenyewe tulichoka kusikia kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na wageni. Tusiwafanyie wenzetu hivyohivyo.

Nyuma ya mawe ndiko kuna udongo niliofuata.

Kwanza wanaocheka. Pwani ya Ghuba, katika sehemu kama Remojadas, Nopiloa na Los Cerros, wafinyanzi wa karne za kati ya 600 na 900 B.K. walitengeneza vijana wa kike na kiume wenye mikono iliyoinuliwa, viganja wazi, na vicheko vinavyoonyesha meno na ncha ya ulimi. Kichwa ni kipana kwa juu, bapa, kwa sababu watoto wao walifungwa vichwa wangali wachanga. Uso ulitolewa kwenye kalibu: unakandamiza udongo laini ndani, unaubandua, kisha unamaliziwa kwa mkono. Ndiyo maana nyuso zinafanana kama za ndugu huku mapambo ya kichwani yakitofautiana. Huyu ana nyani, yule ana ndege. Vingine vya Remojadas vimepakwa usoni lami nyeusi inayochimbuka yenyewe ardhini pwani hiyo. Sijaona popote pengine lami ikitumika kama wanja.

Wanacheka nini? Wapo wanaosema wamenyweshwa kitu kabla ya kutolewa kafara, wapo wanaosema ni wachezaji wa ngoma ya mungu fulani wa furaha. Alfonso Medellín Zenil, aliyechimba maeneo hayo, alivikuta vingi vimevunjwa, vichwa huku na viwiliwili kule. Kicheko kilichovunjwa kusudi ni habari nzito kuliko kicheko chenyewe, na ukinunua kichwa kimoja mnadani hilo hutalijua kamwe.

Kwenye kabati moja kuna wanyama wadogo wa udongo wenye magurudumu. Ndiyo, magurudumu ya udongo yaliyopitishiwa kijiti. Tumezoea kuambiwa kwamba watu hawa hawakulijua gurudumu. Walilijua, hawakuwa na ng'ombe wala punda wa kuvuta mkokoteni, na katika milima na tope la huku, mgongo wa mtu ulifanya kazi vizuri zaidi.

Halafu wanawake wa El Zapotal. Wamekaa, karibu ukubwa wa mtu, macho yamefumbwa, mdomo wazi, kiunoni nyoka amefungwa kama mshipi. Wanaitwa Cihuateteo, jina la Waazteki kwa wanawake waliofariki wakijifungua, ambao walihesabiwa sawa na askari waliokufa vitani na kazi yao ilikuwa kulisindikiza jua kutoka utosini hadi machweo. Jina hilo ni la karne nyingi baadaye na la watu wengine, hivyo nalitumia kwa tahadhari. Lakini midomo ile! Anayewatazama hahitaji kuelezwa kwamba wanavuta pumzi ya mwisho. Nilizunguka nyuma kuangalia unene wa kuta: vidole viwili hivi, sawasawa kutoka nyonga hadi shingo. Aliyeinua ukuta wa namna hiyo kwa pindi za udongo, akausubiri ukauke bila kunyong'onyea, hakuwa mwanafunzi.

Nikauliza pia habari za Brígido Lara, kwani kwa mfinyanzi kisa chake ni kitamu kuliko vyote. Mwaka 1974 alikamatwa na wenzake wakituhumiwa kuiba vitu vya kale. Lara akajitetea kwamba si vya kale, amevifinyanga yeye. Hakuna aliyemwamini. Akaomba aletewe udongo gerezani, akafinyanga vingine vilevile mbele ya macho yao, na mwaka 1975 akaachiwa. Makumbusho ya Xalapa wakafanya la busara: wakamwajiri akarabati vitu vya kweli na kuwasaidia kutambua vya bandia. Baadaye alisema kazi za mikono yake zimekwisha kufika katika makumbusho makubwa ya Marekani kama kazi za mababu.

Kaka yangu alicheka hadi akakohoa. Mimi nilicheka pia, lakini fikirini: ikiwa mtindo tunaouita wa kale umejengwa kwa sehemu juu ya vinyago visivyo na shimo, basi inawezekana kabisa baadhi yetu tumemsoma Lara tukidhani tunawasoma mababu.

Jumamosi, El Zapotal

Kutoka bandari ya Veracruz tulikodi gari kuelekea kusini, hadi Mixtequilla, nyanda kati ya mto Blanco na mto Papaloapan. Joto la Tanga mwezi wa pili. Malisho, miwa, vilima vidogo ambavyo dereva alisema si vilima bali majengo ya kale yaliyofunikwa na ardhi.

Bwana wa wafu wa hapa hakuhamishwa, na sababu ni ya kifundi: hakuchomwa. Mwaka 1971 walipomfukua walikuta mifupa imekaa kwenye kiti cha enzi, mbavu zimechomoza, kichwani kilemba kikubwa, na vyote ni udongo mbichi uliokaushwa tu na kupakwa rangi. Ukimnyanyua atakuwa vumbi. Kwa hiyo walimjengea nyumba palepale.

Nilikuwa nimesoma kuhusu jambo hili lakini sikuliamini hadi nilipoona nyufa zake. Udongo mbichi unaogopa maji. Nchi hii mvua inanyesha kwa hasira, na mto uko jirani. Amedumu zaidi ya miaka elfu moja kwa sababu waliomtengeneza walimzika wao wenyewe kwa uangalifu, wale wanawake wakubwa wa Xalapa wakiwa sehemu ya sadaka hiyohiyo, pamoja na mifupa ya watu. Kumbe hawakuwa sanamu za peke yao za kuwekwa juu ya stuli yenye taa. Walikuwa msafara, na mwenye shughuli ni huyu hapa. Kwa nini wanawake wachomwe na bwana wao asichomwe? Nadhani, na hii ni dhana ya mwalimu wa sanaa tu, kwamba hakukusudiwa kutoka pale tangu siku ya kwanza.

Mlinzi alituuliza tumetoka nchi gani. Kaka akamwambia Tanzania. Akafikiri kidogo, akasema: simba.

Jumapili, njiani

Siku nzima barabarani kuelekea Oaxaca. Upande wa Córdoba tulipita jirani na mji wa Yanga, uliopewa jina la Mwafrika aliyetoroka utumwa, akapigana na Wahispania mwaka 1609, na watu wake wakaishia kupata mji wao huru. Huyo ndiye Mwafrika wa kujivunia Veracruz, na ana nyaraka.

Jumatatu, San Bartolo Coyotepec

Makumbusho yamefungwa, karakana ziko wazi. Coyotepec ni kijiji cha udongo mweusi. Gurudumu lao ni sahani mbili: moja imegeuzwa kifudifudi chini, nyingine imekaa juu yake, na mkono mmoja unazungusha huku mwingine unafinyanga. Nilijaribu. Chungu changu kililalia upande wa kusini, na mama mwenye karakana akakifinya kikawa bonge tena bila hata kunitazama.

Zamani vyombo vya hapa vilikuwa vya kijivu, vya kubebea maji na pombe ya mezcal. Kwenye miaka ya 1950 Doña Rosa Real aligundua kwamba ukisugua chombo kwa jiwe la kwatzi kabla hakijakauka kabisa, kisha ukakichoma kwa moto mdogo zaidi na kuziba tanuri moshi usitoke, kinatoka cheusi kinachong'aa. Watalii walikimbilia. Gharama yake ni kwamba kwa moto ule mdogo chombo hakishiki maji tena. Mama yule alinieleza bila majuto: mtungi wa kijivu unauza kwa jirani mara moja kwa miaka kadhaa, wa kung'aa unauza kila siku kwa mgeni. Mwisho wa mjadala.

Jumanne, Monte Albán na Atzompa

Wazapoteki, wenyeji wa kale wa Oaxaca, waliujenga mji wa Monte Albán juu ya mlima kuanzia kama mwaka 500 K.K. Uwanja wake mkuu unaupiga picha mara moja tu, halafu unakaa. Nilichokijia ni vyombo vya kaburini: silinda ya udongo wa kijivu, na mbele yake mtu aliyekaa, mikono magotini, kichwani kilemba cha manyoya na uso wa Cocijo, mungu wa mvua na radi. Tunaviita vyungu vya majivu lakini majivu hayamo. Vingi vilikutwa vitupu. Juu ya mlango wa Kaburi namba 104, kwenye kishubaka, alikaa mmoja kama bawabu. Mwanaakiolojia Alfonso Caso alianza kuchimba hapa mwaka 1931, na kwa vile aliandika kila kitu kilipokaa, ndiyo tunajua kwamba kazi ya wengine ilikuwa kukaa mlangoni.

Vya bandia vipo hapa pia. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakusanyaji walivitaka sana, na wafinyanzi wa bondeni hawakuwaangusha. Makumbusho ya Royal Ontario kule Toronto walivipima vyao kwa njia inayoonyesha udongo ulichomwa lini mara ya mwisho, wakakuta kadhaa ni vya juzijuzi.

Alasiri tukaenda Atzompa. Juu kuna magofu yenye tanuri la kale. Chini kijijini wanachoma kwenye matanuri ya umbo hilohilo la mviringo. Hapo ndipo nikawakumbuka watu wa Luzira. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha gereza nje ya Kampala walifukua kichwa na vipande vya mwili vya udongo, macho mazito, shingo yenye mikunjo. Viko British Museum. Mganda akitaka kujua bibi zake walifinyangaje uso, aombe viza.

Jumatano, Oaxaca

Leo makumbusho ya Rufino Tamayo, mchoraji mzaliwa wa hapa. Aliupa mji wake mkusanyiko wake, na jumba likafunguliwa mwaka 1974. Kila chumba kina rangi yake, cha waridi, cha buluu, cha zambarau, na vinyago vimepangwa kwa uzuri na si kwa historia. Ni mahali pazuri kuliko pote tulipopita, na pamenikera kuliko pote.

Wamo mbwa wa Colima, wanono, wekundu, wamesuguliwa hadi wana ngozi ya tunda. Zipo nyumba za udongo za Nayarit zilizojaa wajomba na mashangazi wanaokula na kuongea, mbwa akisubiri mlangoni. Vyote vimetoka kwenye makaburi ya magharibi mwa Mexico, yale yenye shimo refu la kushukia na vyumba chini yake, ya miaka karibu elfu mbili iliyopita. Na karibu yote yalikombwa na wezi kabla ya mtaalamu kufika. Lebo zinasema Colima, Nayarit, Jalisco. Basi.

"Mwalimu, asingenunua Tamayo, zingekuwa sebuleni kwa tajiri New York," kaka alisema.

"Na wanunuzi wasingekuwepo, zingekuwa kaburini."

"Au zingevunjwa na trekta."

Nikamtajia Huitzilapa, Jalisco. Mwaka 1993 wanaakiolojia walipata huko kaburi la namna hii ambalo mwizi hajaligusa: watu sita vyumbani, na vinyago vikiwa palepale vilipowekwa kando ya wafu. Kaburi moja hilo lilieleza mengi ambayo vyumba vyote vya Tamayo haviwezi, kwa sababu ilionekana nani alipewa nini.

"Kaburi moja," akajibu. "Na haya mengine yote tuyatupe?"

Sikusema tuyatupe. Nilisema tuyaangalie tukijua yamenyang'anywa ndimi. Akasema hata hivyo yule mbwa mwekundu mnene ndiye kitu kizuri kuliko vyote tulivyoona tangu tuondoke Mexico City, na angemnunua yeye kama angekuwa na fedha za Tamayo. Nikamkumbusha kwamba tangu mwaka 1972 sheria hairuhusu biashara hiyo. Akanijibu kwamba Lara angemfinyangia mwingine. Tulibishana hadi kituo cha mabasi, akapanda lake la jioni bila kukubali, na dirishani bado alikuwa ananyoosha kidole.